Kutoka Kusikiliza hadi Kuuliza: Vyombo Vinavyosema katika Nyumba za Wazee wa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Msaidizi wa sauti ni programu inayopokea maneno yanayotamkwa na mtu, ikayageuza kuwa maandishi, ikatafuta jibu au kutekeleza agizo, kisha ikajibu kwa sauti. Katika nchi za Ulaya na Marekani msaidizi huyo aliingia nyumbani akiwa ndani ya spika ya mezani, kama ile ya Echo ambayo kampuni ya Amazon iliitoa mwaka 2014. Katika milima ya Mbinga na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma aliingia kwa mlango mwingine, ndani ya simu janja ambayo mara nyingi imeachwa na mtoto aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, na alizikuta nyumba ambazo wazee wake walikuwa wamekwisha kuishi na vyombo vinavyosema kwa zaidi ya nusu karne. Kumbukumbu hii inafuatilia jinsi wazee hao, akiwamo mama yake mwandishi, walivyotoka katika kusikiliza chombo wakafika katika kukiuliza, na inaanzia kwenye redio kwa sababu ndiko tabia ya kukaa na sauti isiyo na mtu ilikojengeka.

Utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam mwaka 1951 katika kituo kidogo kilichojulikana kama Sauti ya Dar es Salaam, ukawa chini ya Shirika la Utangazaji Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ukashikwa na serikali yenyewe kwa jina la Redio Tanzania Dar es Salaam, ambalo wasikilizaji walilifupisha kuwa RTD. Katika Umatengo, yaani nchi ya Wamatengo katika milima ya Mbinga, ambako kahawa ya arabika ndiyo iliyoleta fedha, redio ilinunuliwa baada ya malipo ya msimu, sambamba na mabati na baiskeli, ikawekwa juu ya kabati sebuleni na kufunikwa kitambaa cha kufuma, na mwenye ruhusa ya kuigusa alikuwa baba wa nyumba. Betri zilipodhoofu zilitolewa na kuanikwa juani ili zisukume siku mbili tatu zaidi, na katika nyumba alimokulia mwandishi kazi hiyo ilikuwa ya watoto, walioonywa kwamba betri zisiposhika nguvu kabla ya saa mbili usiku taarifa ya habari itapita bila kusikika. Chombo hicho kilisema na watu wakanyamaza. Hata matangazo ya vifo, yaliyosomwa kwa majina ya marehemu na ya jamaa waliotakiwa kufikiwa na habari hizo popote walipo, yalipokelewa kwa ukimya uleule, mpaka jina linalofahamika lilipotajwa na kilio kikaanza.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio kwa namna nyingine, kwa kuwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza, ambavyo kila kimoja kilikuwa na kiongozi anayejua kusoma na kitabu cha kufuatishia, na baada ya kipindi wanakikundi walijadili walichosikia na kukubaliana juu ya kazi za kufanya, kama vile kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Mpango huo ulielewa jambo ambalo teknolojia nyingi za baadaye zililisahau, kwamba sauti ya chombo huwa na manufaa pale inapofuatwa na mazungumzo ya watu wanaofahamiana. Zaidi ya miaka 20 baadaye, Redio Maria ilipoanza kurusha matangazo kutoka Songea mwaka 1996, wazee Wakatoliki walianza kusali rozari pamoja nayo, wakiitikia kila Salamu Maria kwa sauti kamili kana kwamba msomaji yuko chumbani. Huko kuitikia kunastahili kukumbukwa, kwa maana ni mazoea ya kusema na chombo yaliyotangulia programu zote zinazozungumziwa hapa.

Simu ya mkononi, ambayo huduma zake zilianza nchini mwaka 1994 na kufika wilayani miaka kadhaa baadaye, ilileta sauti ya ndugu wa mbali, lakini ilileta pia sauti iliyorekodiwa inayoeleza kwamba mteja anayepigiwa hapatikani. Wazee wengi waliijibu sauti hiyo, wakamsalimu dada anayesema na kumwomba amwambie fulani apige simu akirudi. Vijana walicheka, ingawa hapakuwa na la kuchekesha, kwa sababu mtu aliyelelewa kuamini kwamba kila anayesema anastahili kujibiwa hakuwa amekosea adabu yake.

Kilichowaumiza wazee zaidi kilikuwa maandishi. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008 na nyingine za kampuni mbalimbali zikafuata, fedha za watoto walioko mjini zilianza kufika kijijini kupitia orodha ya maneno madogo kwenye kioo kidogo, ambayo mtumiaji huifungua kwa kubonyeza namba zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa alama ya reli, kisha huchagua kipengele kimoja baada ya kingine na kumalizia kwa namba ya siri. Wanawake wa rika la mama yake mwandishi walikuwa wamejifunza kusoma katika madarasa ya kisomo, yaani elimu ya watu wazima iliyopewa msukumo mkubwa kuanzia mwaka 1970, lakini vitu vya kusoma vilikuwa adimu vijijini na herufi zilianza kuwatoka kabla ya macho nayo kuingiwa na mtoto wa jicho, ule ukungu unaotanda kwenye lenzi ya jicho kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo mjukuu akawa msomaji, na msomaji akaijua namba ya siri, akajua kiasi kilichotumwa na kilichobaki, na mama aliyekuwa ameendesha nyumba yake kwa miongo mingi akalazimika kusubiri mtoto arudi kutoka shule ndipo ajue kama ametumiwa fedha za mbolea. Simu, ambayo kwa asili yake ni chombo cha kusemea, ilikuwa imewageuza wazee kuwa watu wa kusomewa.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ulioanzishwa mwaka 2013, ulipunguza tatizo hilo kwa upande wa mawasiliano ya familia. Umeme na minara vilipunguza mengine. Njia ya umeme ya kilovoti 220 kutoka Makambako ilifika Songea mwaka 2018 na kupunguza utegemezi wa jenereta za dizeli, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, uliendelea kugharimia minara katika maeneo ambayo kampuni za simu hazikuona faida. Hata hivyo katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, zipo ghuba ambazo mlima huukinga mtandao, na mzee hupanda hadi kwenye jiwe au mwembe unaojulikana ili simu yake ishike.

Uwezo wa mashine kusikia Kiswahili ulichelewa. Siri ya kampuni ya Apple ilitoka mwaka 2011 na Alexa mwaka 2014, zote bila Kiswahili. Mwaka 2017 Google iliongeza lugha 30 katika huduma yake ya kugeuza usemi kuwa maandishi, Kiswahili kikiwamo, na mwaka 2023 ikakiongeza katika programu yake ya mazungumzo ya Bard, iliyobadilishwa jina baadaye kuwa Gemini. Programu za aina hii hutegemea akili mnemba, yaani mfumo wa kompyuta uliojifunza kutokana na mifano mingi badala ya kuelekezwa kanuni moja moja: sauti hukatwa katika vipande vidogo sana vya wakati, kila kipande hulinganishwa na mifumo iliyopatikana katika saa nyingi za rekodi, kisha programu huchagua maneno yanayoelekea zaidi kuwa ndiyo yaliyotamkwa. Maana yake ni kwamba mashine huwasikia vizuri watu waliorekodiwa kwa wingi, na wazee wa Umatengo si miongoni mwao.

Mama yake mwandishi, anayeishi kwenye miteremko ya Litembo na ambaye kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, amekuwa mzee kwa muda mrefu, alipoonyeshwa alama ya maikrofoni kwenye simu yake alianza kwa salamu. Aliuliza habari za asubuhi, akatua kama mtu anayengoja kujibiwa, na katika kutua huko programu ikakata. Jambo hilo lina sababu ya kiufundi, nayo ni kwamba programu hupima ukimya ili kuamua kwamba msemaji amemaliza, na kipimo hicho mara nyingi hulingana na mwendo wa mtu mwenye haraka, ilhali mzee huvuta pumzi, hutafuta neno, na pengine hurudi nyuma kusahihisha jina. Alikatwa mara nyingi. Alichojifunza hatimaye ni kulikamilisha swali kichwani kabla ya kubonyeza, na ni haki kusema kwamba hapo mtu ndiye aliyeizoea mashine.

Saa nazo zilileta shida. Kwa kuwa siku ya Kiswahili huanza kuhesabiwa asubuhi jua linapochomoza, saa mbili usiku ndiyo saa 20:00 ya tarakimu za simu, lakini programu iliyoombwa imkumbushe mama dawa za presha saa mbili usiku iliweka kengele saa 2:00 ya simu, yaani saa nane za usiku wa manane, ikamwamsha huku nyumba nzima imelala, baada ya wakati wa dawa kupita zamani. Kwa mtu mwenye shinikizo la damu kosa la namna hiyo ni kubwa, na linaonyesha kwamba lugha iliingizwa katika mashine bila hesabu ya wakati ya wenye lugha. Siku hizi mama husema "saa ishirini" anapoagiza kengele, na "saa mbili" anapozungumza na watu.

Manufaa nayo ni ya kweli na yasipuuzwe. Programu humsomea ujumbe wa fedha, kwa hiyo anajua kilichoingia kabla ya mtu mwingine yeyote nyumbani, na humwandikia ujumbe anaotamka, wenye makosa hapa na pale, lakini uliotoka kwake mwenyewe. Hata hivyo, alipouliza bei ya kahawa alipewa ya soko la New York kwa senti za dola kwa ratili, wakati alichohitaji ni malipo ya chama chake cha msingi cha ushirika kwa kilo. Ndugu yake wa Liuli, mvuvi aliyestaafu ambaye familia yake bado huanika dagaa mchangani, huuliza juu ya mwera, ule upepo wa kusini-mashariki unaochafua ziwa katika miezi ya baridi, naye hupewa mwendo wa upepo kwa kilomita. Yeye husikiliza, halafu hungoja utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania redioni, kisha hutoka kuangalia mawimbi, na ushauri anaowapa vijana hutokana na yote matatu.

Upande mwingine wa mabadiliko haya unahusu nani anayeulizwa. Wamatengo walikuwa na sengu, utaratibu wa jadi wa watu wa ukoo kukusanyika, kula pamoja na kujadili mambo yao mbele ya wazee, na hapo ndipo vijana walipojifunza mipaka ya mashamba, historia ya ukoo na namna ya kulima. Mjukuu mmoja aliyepewa kazi ya shule kuhusu ngoro, yaani kilimo cha Wamatengo cha matuta na mashimo, aliiuliza simu akiwa ameketi hatua chache kutoka kwa bibi yake, na simu ikaeleza habari za matuta ya ngazi. Bibi aliisikia ikisema, akaikatiza. Alieleza kwamba mwishoni mwa masika majani hufyekwa na kupangwa katika miraba juu ya mteremko, kwamba udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika majani yale hadi kuwe na tuta pande zote na shimo katikati, kwamba maharage hutangulia na mahindi hufuata msimu wa mvua unaokuja, na kwamba shimo hupokea maji ya mvua ili yasiubebe udongo hadi bondeni. Maelezo yalikuwa marefu, yenye vituo virefu, na yalichanganya Kiswahili na Kimatengo. Programu ingeyakata mara nyingi, lakini mjukuu aliyaandika yote.

Usemi wa aina hiyo ndio unaokosekana katika hazina za sauti. Mradi wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla, ambao kwa Kiswahili uliendelezwa kuanzia mwaka 2021 na wataalamu wa Afrika Mashariki wakiwamo Kathleen Siminyu, Rebecca Ryakitimbo na Britone Mwasaru, umefanya kazi ya thamani kubwa ya kukusanya sauti za watu wanaojitolea na kuzifanya mali ya wote. Lakini njia yake kuu imekuwa kumpa mtu sentensi kwenye kioo aisome, na njia hiyo humwacha nje mzee yuleyule ambaye, kwa kutoweza kusoma, ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kusikiwa. Ingefaa wazee hao warekodiwe wakieleza ngoro, mwera na uanikaji wa dagaa kwa mwendo wao wenyewe, kwa Kiswahili chao chenye Kimatengo, Kinyasa au Kimpoto ndani yake, na kwa idhini wanayoielewa, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa kuwa sauti ya mtu ni taarifa yake na hivi sasa inasafiri kutoka Litembo na Liuli kwenda kwenye kompyuta za ng'ambo kila mara mzee anapobonyeza maikrofoni.