Ukuta Unaolia Chumvi

Ukuta wa nyumba ya bibi kule Mkomani, Amu, ulikuwa unamenyuka. Mjomba akaja na dawa yake: saruji yenye nyuzi. "Hii haipasuki," akasema. "Ama vipi, injinia?" Nikiwa mwaka wa tatu wa uhandisi Nairobi, wote wakanigeukia mimi.

Mjomba hakukosea kuhusu nyufa. Saruji ikikutana na maji huzaa jeli ya kalsiamu na silika, na hiyo jeli ndiyo gundi yenyewe. Matundu yake ni ya nanomita chache tu. Unywele wako mmoja una unene wa nanomita kama 80,000. Ufa ukianza, nyuzi zinaushika usizidi kufunguka. Mambo yote yako pale uzi unapogusana na jeli: mshiko ukilegea, uzi unachomoka; ukibana mno, uzi unakatika.

Sasa, tatizo la bibi halikuwa ufa. Ukuta wake ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, na unavuta unyevu wa ardhini pamoja na chumvi ya bahari. Chokaa ina matundu makubwa zaidi, kwa hiyo maji hupanda, hufika nje, hukauka. Ukiifunika kwa saruji, unaziba njia. Maji yanabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kusukuma, mpaka plasta inaanguka na uso wa jiwe. Nyuzi hazifungui tundu hata moja.

Nikawaambia hivyo. Mjomba akauliza swali ambalo darasani hatuulizwi: nani atalipa? Chokaa inataka muda na fundi anayeijua, na mafundi hao wamebaki wachache. Mfuko wa saruji uko dukani leo. Mji wa kale wa Lamu uliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, lakini cheo hicho hakimlipi fundi wa bibi.

Bibi alikuwa kimya muda wote. Kisha akasema, "Ukuta huu umenikuta. Nataka uniache nyuma."

Tukakubaliana. Saruji ya nyuzi ikaenda kwenye mfuniko mpya wa tangi la maji, inakofaa kweli. Ukuta ukapata chokaa, upande mmoja kwanza, kadiri ya pesa. Upande wa pili unangoja mshahara wa mjomba wa mwezi ujao.