Kitanda cha Nne kwa Sita

Kwetu Iringa msichana hanunui kitanda. Hakuna aliyeniandikia sheria hiyo mahali popote, lakini nilikua nikiijua kama nilivyojua kwamba haifai kupiga mluzi usiku. Msichana anangoja. Kitanda atakikuta kwa mumewe, na akienda na kitu kutoka kwao basi ni mashuka, vyombo na kikapu cha milulu. Ndiyo maana siku nilipompigia mama simu kumwambia nimenunua kitanda cha nne kwa sita, alinyamaza hata nikadhani vocha imekwisha.

"Nani kakununulia?" akauliza.

"Nimenunua mwenyewe, mama."

"Nne kwa sita?"

"Ndiyo, mama."

"Haya," akasema, na hapo vocha ikaisha kweli.

Ilikuwa mwaka 2018. Nilikuwa nimehamia Mbeya mwezi Januari baada ya kupata kazi katika duka moja la steshenari, kazi ya kuchapa na kutoa fotokopi. Nilipanga chumba Mwanjelwa, elfu thelathini kwa mwezi, miezi sita mbele kama ilivyo desturi ya wenye nyumba wetu. Nilipokwisha kuhesabu laki na themanini mkononi mwa mama mwenye nyumba, nilibakiwa na laki moja na elfu ishirini. Hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji wangu wa kuanza maisha.

Chumba chenyewe kilikuwa futi kumi kwa kumi. Sakafu ya saruji iliyopasuka, dirisha moja lisilo na pazia, na kuta zilizopakwa chokaa miaka mingi iliyopita. Ukiegemea ukuta unaondoka na mgongo mweupe. Wiki ya kwanza nilikwenda kazini na sketi nyeusi yenye ramani ya Afrika kwa nyuma, na hakuna aliyeniambia mpaka saa saba mchana. Godoro nililokuja nalo kutoka nyumbani, la futi tatu na nusu, nililitandika chini. Anayeijua Mbeya anajua baridi yake. Saruji ya pale ikifika usiku wa manane inakunyonya joto mpaka kwenye mifupa.

Basi nikaanza kutafuta kitanda. Mbeya ni mji wa watu wanaohama. Watumishi wanahamishwa, wafanyabiashara wanakwenda Tunduma na kurudi, na kila mwezi utaona karatasi zimebandikwa kwenye nguzo za umeme: kitanda, meza na jiko vinauzwa, mwenyewe anahama. Karatasi ya namna hiyo ilinifikisha Soweto, kwa mwalimu aliyekuwa anahamia Sumbawanga. Kitanda kilikuwa cha paina. Mninga ni wa wenye nazo. Lakini paina nayo ina jambo lake kwa mtu wa kwetu, maana nyingi hutoka Sao Hill, pale karibu na Mafinga, ambapo basi la Mbeya kwenda Iringa linapita katikati ya miti iliyopangwa kama wanafunzi mstarini. Nilikiona kama ndugu yangu aliyetangulia kuja mjini.

Mwalimu alitaka elfu themanini. Tulivutana hadi hamsini na tano, kwa sababu chaga nne zilikuwa zimevunjika na vanishi imebanduka. Akaniongezea meza ndogo na kiti kimoja kwa elfu kumi na nane. Mwenye mkokoteni alichukua elfu tano, akanisaidia na kuvishusha.

Hapa nikupe siri, wewe unayeanza maisha. Kitanda kilichotumika usikiingize ndani siku hiyo hiyo. Kipekue kwanza kwenye viungo, pale ubavu unapoingia kwenye kichwa, na kwenye matundu ya misumari. Kunguni hawakai juu wakakusubiri uwaone. Mimi niliwakuta. Nikakifungua chote uani, nikamwagia maji yanayochemka kwenye kila kiungo, nikapaka mafuta ya taa kwa brashi ya meno, nikakiacha nje siku tatu, nikikifunika kwa turubai mvua inaponyesha. Majirani walitoka kutazama. Mmoja akacheka, akauliza, "Dada, bwana harusi yuko wapi?" Nikamjibu kwamba yuko njiani, amekwama Makambako.

Nikapiga msasa, nikapaka vanishi, fundi wa jirani akanikatia chaga nne mpya. Kisha nikaingiza kitanda ndani, nikaweka godoro langu juu yake, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo mtu mwenye akili angelipima mapema. Kitanda ni futi nne, godoro ni futi tatu na nusu. Ikabaki nusu futi ya chaga tupu upande wa ukutani. Nikajaza nguo zilizokunjwa, nikafunika kwa kanga. Ukilala vizuri hujui. Ukigeuka vibaya unajua.

Mapazia nilinunua SIDO. Wafanyabiashara wengi wa soko hilo walihamia pale baada ya Soko la Mwanjelwa kuungua mwaka 2006, kisha SIDO nayo ikaungua Agosti 2017. Nilipofika ilikuwa miezi michache tu tangu moto ule. Aliyeniuzia alikuwa ametandaza mapazia yake ya mtumba juu ya turubai. "Siku hizi nauza vinavyobebeka tu," aliniambia, akakunja lile nililolichagua. Nilichukulia kama utani wa muuzaji.

Ikabaki rangi. Ndoo nzima ya rangi ya maji ilikuwa ndoto kwangu. Fundi rangi mmoja aliniuzia mabaki yake kwa elfu nane: bluu kidogo, krimu, na kijani iliyobaki kwenye nyumba ya mtu. Nikayachanganya kwenye beseni. Ikatoka rangi ambayo haina jina, katikati ya parachichi bivu na maji ya bwawa. Niliipenda. Jumapili moja nikapaka ukuta wa upande wa kitanda, juu ya ile chokaa ya zamani. Jioni nilikaa kitini nikautazama kama mtu anayetazama sinema.

Wiki haikuisha. Rangi ikaanza kuvimba, kisha ikabanduka vipande vipande kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nilikuwa nimepaka juu ya unga. Rangi ilishika unga, na unga haukuwa umeshika ukuta.

Sasa, kazi yangu ya kuchapa ina faida moja: unasoma bure. Wiki hiyo hiyo mwanafunzi mmoja alileta utafiti wake juu ya Wanyakyusa wa Rungwe. Ndani yake mlikuwa na habari za vijiji vya rika, ambazo Monica Wilson alizieleza katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Mvulana alipofika miaka kumi au kumi na moja alitoka nyumbani kwa baba yake, akaenda na wenzake wa rika lake kujenga vibanda vyao pembeni. Kula walikwenda kwa mama zao, lakini kulala walilala kwao. Nilichapa kurasa zile nikimtafuta msichana. Yeye hakuwa na kijiji. Alitoka kwa mama, akaenda kwa mume. Nikarudi chumbani jioni, nikaokota magamba ya rangi yaliyoanguka juu ya kanga, na nikawa karibu kulia. Si kwa ajili ya elfu nane. Niliona kama ukuta umekubaliana na wote waliouliza bwana harusi yuko wapi.

Mama alikuja Aprili, bila kutoa taarifa. Nilipofika nyumbani jioni nilimkuta kwenye ngazi, na mfuko wa mahindi mabichi miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kamwene. Nimekuja kuona hicho kitanda."

Akaingia. Akakishika kichwa, akakitikisa. Hakikulia. Akabonyeza godoro, mkono wake ukaenda mpaka ukutani na kuzama kwenye nguo. Akafunua kanga.

"Na hapa ni pa nani?"

"Hapana mtu, mama. Godoro ni dogo."

Alinitazama kwa muda, kisha akacheka kicheko ambacho sikukisikia kwake tangu nilipopanda basi. Halafu akageukia ukuta. "Na huu nani kakufundisha?"

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, nikaomba ruhusa kazini. Alinituma kununua mfuko wa chokaa, elfu saba, na brashi, elfu tatu. Chumvi tukachukua ya jikoni. Tukakwangua ukuta wote, rangi yangu na chokaa ya zamani, kwa kisu na kipande cha bati, mpaka tukafikia lipu yenyewe. Tukawa weupe wote wawili, nywele mpaka kope.

Mama alikuwa anapaka nyumba yetu Iringa kila Desemba kabla ya Krismasi, chokaa juu na udongo mwekundu chini. Mimi nilikuwa mtoto wa kumshikia ndoo, na sikuwahi kuuliza kitu. Sasa nikauliza. Chokaa ni jiwe lililochomwa, kama wanavyolichoma kule Songwe. Ukiipaka ukutani inavuta hewa polepole na kurudi kuwa jiwe. Ikikauka haraka mno inabaki unga, na huo ndio unaokushika mgongoni. Ndiyo sababu unalowesha ukuta kwanza, unapaka nyepesi mara tatu badala ya nzito mara moja, na unatia chumvi, maana chumvi inashikilia unyevu. Mama hakusema hivyo. Yeye alisema, "Chokaa bila chumvi ni kama ugali wa wagonjwa." Haya mengine nimeyajua baadaye.

Rangi yangu isiyo na jina ilikuwa imebaki robo ya beseni. Akaniambia niipake chini, futi tatu tu kuzunguka chumba, moja kwa moja kwenye lipu. "Ukuta wa chini unaguswa, wa juu unatazamwa," alisema.

Usiku tulilala wote kwenye kitanda kile. Mimi nililala upande wa nusu futi. Gizani, harufu ya chokaa mbichi imejaa chumbani, mama akaanza kusema.

"Unakumbuka kitanda cha baba yako?"

Nilikumbuka. Baba alifariki mwaka 2005, nikiwa na miaka minane. Baada ya matanga kitanda hakikuwepo. Tuliambiwa kimepelekwa kwa fundi. Tukalala chini, na mimi kwa muda mrefu nilikuwa nikiuliza fundi atamaliza lini, mpaka nikaacha kuuliza.

"Hakikwenda kwa fundi," mama alisema. "Walikuja ndugu wa baba yako. Wakasema ni mali ya kaka yao. Nikawafungulia mlango."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na ndiyo kwanza nafahamu kwamba nilimngoja yule fundi utoto wangu wote. Baadaye kazini nilichapa karatasi ya mwanafunzi wa sheria, nikakuta kwamba sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, hazikumpa mjane fungu katika urithi kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Aliachiwa kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, baada ya wajane wawili Watanzania kupeleka shauri lao, iliitaka nchi yetu izibadilishe. Nilichapa ukurasa ule polepole. Lakini usiku ule nilisikia tu mama akigeuka upande wake na kusema, "Hiki risiti yake unayo?"

"Mwalimu aliniandikia karatasi, mama."

"Itunze."

Mwisho wa Juni kodi yangu iliisha. Mama mwenye nyumba alikuja na daftari lake, akasimama mlangoni, akatazama kuta nyeupe na ule ukanda wa kijani chini. "Ndaga, mwanangu, chumba umekipendezesha," alisema. "Sasa kitakuwa elfu arobaini na tano." Nilimweleza kwamba chokaa ni yangu, brashi ni yangu, mikono ni yangu na ya mama yangu. Akasema kwa upole kwamba ukuta ni wake. Na hapo, msomaji, hakuna aliyekuwa anadanganya.

Nikahama. Kitanda kilifunguka vipande: vichwa viwili, mbavu mbili, chaga kumi na mbili. Kiliingia chote kwenye mkokoteni mmoja, pamoja na meza, kiti na pazia la SIDO. Nilimkumbuka yule muuzaji. Rangi ilibaki ukutani, na anayelala mle leo pengine anadhani ilikuwepo siku zote. Iliniuma, sitasema uongo. Lakini nilipokipiga hesabu chumba kile, shilingi laki moja na elfu kumi na saba kwa jumla, nilichokiacha hakikufika elfu ishirini. Mengine yote nilikuwa nimeyapakia.

Chumba kipya kilikuwa Ilomba. Kuta zake zilikuwa na masizi ya jiko la mtu. Nilifunga kitanda kwanza, kisha nikampigia mama simu kumwambia nimefika.

"Ukuta ukoje?"

"Mchafu, mama. Kesho nanunua chokaa."

"Chumvi unayo?"

Nikamwambia ninayo.