Benchi la Ami

Duka la Ami pale Pete limevunjwa, na sikusikia aliyesikitika. Lilikuwa banda la mawe na udongo lililoezekwa makuti, baadaye bati, kando ya barabara ya Makunduchi, karibu na lango la msitu wa Jozani. Kwa watoto wa siku hizi lilikuwa gofu la popo. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo kikuu cha SUZA, alikiona kifusi kwenye dirisha la daladala akanipigia simu kunihabarisha. Humo humo akaniuliza jambo la kazi aliyopewa chuoni: “Shangazi, zamani kulikuwa na sheria ya kuwakataza wanawake kuwa wakubwa kwenye mambo ya utafiti?”

Nikamwambia haikuwapo.

“Sasa mbona hawakuwapo?”

Na Rais Samia mwenyewe, akaongeza, si mtoto wa huko huko Kusini? Nikaona nikimjibu kwa simu vocha itakwisha na hatanielewa. Naandika.

Ami alikuwa mdogo wake baba. Dukani kwake kulinuka vitu vitatu, na kila kimoja kilikataa kumezwa na chengine: mafuta ya taa, papa mkavu na hiliki. Sukari ikikaa wiki moja karibu na papa, chai ya nyumba nzima inakuwa na bahari ndani yake, na watu walinunua hivyo hivyo. Daftari la madeni aliliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, kwa kalamu ya risasi aliyoichonga kwa kisu cha mkate. Hakumkopesha mtu aliyeapa. Ukisema “Wallahi nitalipa Ijumaa” alikuwa anafunika daftari. Ukisema “Ami, sijui nitalipa lini” anaandika. Mizani yake ilikuwa na jiwe moja lililopotea, akaweka nati ya tingatinga mahali pake, na sikumsikia mtu yeyote wa Pete, Kitogani wala Unguja Ukuu akilalamika kuwa amepunjwa.

Nje, chini ya ukingo wa paa, palikuwa na benchi. Ubao mmoja mrefu wa mashua iliyokufa, umelazwa juu ya matofali, umelainika kwa makalio ya wanaume mpaka unang'aa. Wakicheza dhumna, wakinywa kahawa na kashata. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya kaunta, baada ya kutoka skuli, nafunga sukari kwenye karatasi za magazeti. Mtoto wa kike aliye ndani ya duka haonekani. Kwa hiyo nilisikia kila kitu.

Katika miaka ya tisini watafiti walianza kuja Jozani kwa wingi. Nimejaribu kupanga tarehe nikashindwa na hazina maana sana: barabara ilitiwa lami katikati ya miaka hiyo, kima wakaanza kugongwa na magari, yakaja matuta. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa 2004, hilo nimelihakikisha. Wakati huo duka lilikuwa limekwisha kuchoka.

Watafiti walihitaji watu wa kuwaongoza msituni, wa kuhesabu kima punju, wa kuandika nani kala nini saa ngapi. Kazi hiyo ilikuwa na ngazi. Chini kabisa ni mbeba maji. Juu yake ni mhesabuji. Juu yake ni msimamizi wa timu, anayekaa na daftari kuu na funguo za pikipiki. Na msimamizi akionekana anafaa, mlango mwengine unafunguka: kusoma bara. Wa misitu wanakwenda Olmotonyi, Arusha; wa wanyamapori wanakwenda Mweka, chuo kilichoanzishwa 1963 chini ya Mlima Kilimanjaro. Ukirudi na cheti cha huko wewe ni bwana mkubwa, unaweza kuendelea mpaka shahada, na siku moja ukakaa nyuma ya meza inayotia sahihi.

Sasa nani anakuwa msimamizi? Hapakuwa na tangazo wala usaili. Watafiti wakitoka msituni baina ya alasiri na magharibi, gari lilisimama kwa Ami wapate soda na biskuti, na pale benchini walikutana na wanaume wa kijiji. Hapo ndipo majina yalipotajwa. “Kijana wa fulani ni mtulivu.” “Yule anajua njia ya Charawe usiku.” Asubuhi kijana wa fulani anaitwa. Nimeshuhudia mtu akipewa pikipiki kwa sababu alishinda dhumna mbele ya mgeni na hakujisifu.

Shoga yangu, tuliyesoma naye, alikuwa mhesabuji. Jina lake silitaji, yuko hai na hapendi. Alikuwa akiwajua kima kwa sura kama mtu anavyowajua majirani. Huyu ana sikio limechanika, yule mkia wake umepinda, yule mama kapoteza mtoto mwezi huu. Gari likimgonga kima barabarani, wengine walisema “kima kafa”. Yeye alisema amekufa nani, wa kundi gani, na dume gani litachukua nafasi. Kima walipokuwa wakiiba makaa jikoni kwa mama yake aliwafukuza kwa mwiko. Nami nakumbuka alivyocheka aliposikia kuwa ulaji wa makaa umeandikwa kwenye majarida ya sayansi ya Ulaya na Marekani, mwaka 1997. Lakini alichotaka kujua ni sababu, na alipoambiwa kuwa majani ya mkungu na mwembe yana kemikali zinazosumbua tumbo na makaa yanazifyonza, alinyamaza kitambo kisha akasema ndiyo maana wa shambani wanakula makaa na wa msituni hawali. Hakuna aliyemfundisha kufikiri hivyo.

Nafasi ya msimamizi ilipokuwa wazi katika mradi mmoja ambao jina lake nalihifadhi, jina la shoga yangu lilitajwa benchini. Nilisikia kwa masikio yangu. Mmoja akasema ndiye anayejua kuliko wote. Kimya kidogo, dhumna zikagongwa. Mwengine akasema, kwa upole kabisa, kama anayemwonea huruma: “Pikipiki ataipandaje na buibui? Na wageni wakitaka kulala kambini?” Wa tatu akasema mwakani ataolewa. Hawakusema neno baya hata moja. Walizungumza kama watu wanaomlinda. Kazi akapewa kijana aliyekuwa akimuuliza yeye kila asubuhi kundi lipi limelala wapi.

Ami hakuchangia. Aliingia ndani, akanikuta nimesimama na karatasi mkononi, akasema, “Funga sukari.”

Wala pikipiki haikuwa kikwazo. Wanawake wa Pete walikuwa wakitembea kwa miguu masafa ambayo pikipiki ilishindwa, kwenye tope la mikoko, na mizigo ya kuni kichwani. Kambi nayo ilikuwa na mlango na kufuli. Kikwazo kilikuwa kwamba mtu wa kuyasema hayo hakuwa na pa kukaa akayasema. Mwanamke wa Kusini angekaa benchi la dukani wakati wa alasiri? Na nani?

Lakini walikuwapo wanawake waliokaa. Watafiti wa kike wa kigeni walikaa pale, wakanywa kahawa chungu, na wanaume wakasogea kuwapisha. Mgeni hahesabiwi. Mwaka 1999 Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walichapisha utafiti wao kuhusu kima na minazi, uliotokana na malalamiko ya wakulima kuwa kima wanawamalizia madafu, na wakaonesha kuwa kima wanaokula vidaka hawapunguzi mavuno kama ilivyodhaniwa. Jina la mwanamke ndilo limetangulia. Niliwaonesha wanafunzi wangu baadaye, nilipokuwa nafundisha bayolojia, na mmoja akauliza, “Ndiye wa kwetu?” Si wa kwetu. Wanyama wetu wenyewe, kisayansi, wamebeba majina ya wanaume wa kigeni: kima kapewa jina la Kirk, balozi wa Uingereza, paa nunga na chui wa Unguja wamepewa la Aders.

Miaka hiyo hiyo shirika la CARE lilileta vijijini vikundi vya kuweka na kukopa, na humo wanawake walijaa. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Wanawake waliaminiwa funguo hizo bila mjadala. Funguo za pikipiki zilihitaji mjadala.

Shoga yangu aliolewa, si mwakani, baada ya miaka kadhaa. Aliacha msitu kwa hiari yake, anavyosema.

Mimi nikaenda mjini. Huko nikaona jambo lililonifanya nilifikirie upya benchi. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani 1989, na waliokifanya kwa wingi ni wanawake. Maji yakipwa, walioko ufukweni ni wao. Mtafiti akitaka kujua mwani unaoza kwa nini hana pa kwenda kuuliza ila kwao, na hapo hakuna ubao wa mashua wala dhumna. Sisemi kuwa ndiyo sababu pekee, lakini tazama: kwenye bahari tumempata Dkt. Flower Msuya, ambaye jina lake na la mwani wa Zanzibar hayatengani tena, tumempata Dkt. Narriman Jiddawi kwenye uvuvi. Na Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoundwa 1978, imewahi kuongozwa na Dkt. Margareth Kyewalyanga. Hawa walipigana vita vyao na sijui kila pigo. Ila kwenye msitu, ambako njia ilipita dukani, majina ya namna hiyo nayatafuta kwa tochi.

Ya baadaye yanajulikana. Lami ikatengenezwa tena, watalii wakaongezeka, Ami akafariki, duka likafungwa na warithi wakagombana. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2021 ikasema wanawake ni theluthi moja ya watafiti duniani, na tangu hapo tunaitwa kwenye semina. Semina za wanawake na uongozi katika sayansi, hotelini, ubani mlangoni, fulana yenye maandishi, bango la kupigia picha. Nimekwenda mara chache. Anayefungua ni mwanamme, anayefunga ni mwanamme, na sisi tunashukuriwa kwa kuhudhuria. Chai ni nzuri, sikatai.

Na benchi? Watu wanafikiri limevunjwa pamoja na duka. Binti mmoja niliyemfundisha, sasa ana shahada ya uzamili na yuko kwenye taasisi ambayo siitaji, ameniambia safari za utafiti na nafasi za masomo zinazungumzwa usiku kwenye kundi la WhatsApp la wakubwa wa kitengo. Asubuhi kwenye kikao mambo yamekwisha, wanasoma tu. Yeye anasimamia maabara. Humo kundini hayumo. Aliniuliza kama itaonekana utovu wa adabu akiomba kuingizwa. Nikamwambia aombe, tena kwa maandishi, na nakala kwa mkuu wa mkuu wake. Ameomba tangu kabla ya Ramadhani. Wamemjibu kuwa kundi limejaa.