Mashine Isiyopenda Milima

Zamani zile, kompyuta ya ofisi ilipojifunga yenyewe huku kwetu Kinole, hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa kabla ya fundi kuwasili: ama ni unyevu, ama ni umeme usiotulia, ama ni kirusi, na dawa ya yote matatu, kwa rai ya waliokuwa na fedha ya kuinunua, ilikuwa kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya mashine. Kuusingizia unyevu hakukuwa upuuzi mtupu, maana mteremko huu wa mashariki ya Uluguru, wenye migomba, karafuu na pilipili manga, ndiyo makao ya Kingalu, mtawala aliyesifika kwa kuleta mvua.

Mimi nilikuwa nikizihudumia mashine za kikundi kimoja cha wakulima wa viungo, ambacho katibu wake, mama wa makamo mwenye subira adimu, alitunza barua na kalenda ya siku za wanunuzi katika programu moja. Aghalabu alifungua kalenda, akangoja, akaifunga; na baada ya kitambo, yu katika kusoma barua isiyo na hatia yoyote, programu nzima ikatoweka. “Mwanangu,” akaniambia, “mashine hii haipendi milima.”

RAM iliongezwa, wala hapana kilichobadilika, kwani kupungukiwa na kumbukumbu ni jambo moja, na kuitumia kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa ni jambo jingine kabisa. Hili la pili hufanana na shamba la ukoo lililorudishwa na kukabidhiwa mtu mwingine, kisha yule wa kwanza akaja kufyeka kana kwamba bado ni lake: ugomvi huzuka siku ya mavuno, ilhali kosa lilitendeka zamani. Kwa sababu hiyo kutazama mahali programu ilipofia, kama tulivyozoea sote, hakukufaa kitu.

Kilichonibadilishia kazi ni Valgrind, chombo huru kilichotoka mwaka 2002, ambacho huiendesha programu ndani ya prosesa ya kubuni na kukagua kila isomapo na iandikapo, hata mwendo wake ukapungua mara kumi, ishirini au zaidi. Huonyesha kumbukumbu ilitumiwa wapi isivyo halali, ilirudishwa wapi, na kabla ya hapo iliombwa wapi. Morogoro mjini hakikuona kitu. Kinole kikaona mara moja. Kebo ya intaneti ya SEACOM ilikuwa imefika Dar es Salaam mwaka 2009, lakini kasi yake haikuwahi kupanda mlima upesi: jibu la seva ya kalenda lilichelewa, likafika dirisha la kalenda limekwisha kufungwa na kumbukumbu yake kurudishwa, nalo likaandika humo humo. Mama alisema kweli.

Waandishi wa programu, walioko ng’ambo kwenye mtandao wa kasi, hawakuiona hitilafu hadi nilipoiagiza mashine ya Linux ya mjini icheleweshe kila pakiti kwa sekunde mbili, nikawapelekea maagizo yale yale wayajaribu, ndipo walipoiona. Tiba ilikuwa mistari michache: dirisha likifungwa, ombi lililo njiani lifutwe kwanza. Tangu mwaka 2012 ipo AddressSanitizer, chombo kingine cha kukagua kumbukumbu, ambayo hupunguza mwendo takriban mara mbili tu, na mafundi vijana hawastahimili tena ule uzito wa Valgrind.

Minara mipya ya simu ilipojengwa na majibu ya seva kuacha kuchelewa, ofisi zilizobaki na toleo la zamani la programu ile zikaacha kulalamika, na nilipozishauri ziweke jipya ziliniuliza kuna ubaya gani.