Kitu Kilichokuwa Nyuma ya Mlango



Ilikuwa Alhamisi jioni mwaka 2011, miezi michache baada ya mabomu ya Gongo la Mboto hapa Dar es Salaam. Zamu ya sala ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwa mwenzetu mmoja, mjane mwenye watoto wanne. Upepo ulikuwa unavuma, na mlango wa sebule ulikuwa umezuiwa na kitu kizito ili usijibamize. Kilikuwa cha mviringo, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, kimechongoka upande mmoja, rangi yake ya kijani imebabuka na kutu imeanza kukila. Tuliingia mmoja mmoja, tukavua viatu, tukakipita. Tuliimba, tukasoma Neno, tukanywa chai ya tangawizi kwa maandazi. Kitindamimba wa nyumba ile alikuwa amekikalia kama kigoda, anakula andazi lake.

Wote tulikiona. Hakuna aliyesema neno.

Tunaposema wote, tunajihesabu na sisi wa kikundi cha kutembelea wagonjwa, ambao kwa kazi ni wauguzi. Sisi ndio tunaowagombeza akina mama kliniki wanapoweka mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Sisi ndio tunaochungulia kitandani tukienda kumwona mzazi, tukiuliza chandarua kiko wapi. Jioni ile tulikaa kwenye mkeka hatua tatu kutoka kitu kile, tukamwombea mwenzetu ulinzi wa Mungu juu ya nyumba yake, tukaaga, tukaondoka.

Wala hatuwezi kujitetea kwamba hatukujua. Jumatano ya tarehe 16 Februari mwaka ule baadhi yetu tulikuwa zamu ya usiku. Ilikuwa yapata saa mbili na nusu maghala ya silaha ya kambi ya jeshi pale Gongo la Mboto yalipoanza kulipuka. Vioo vya madirisha vililia, taa zikatikisika, na mbingu upande ule ikawa nyekundu. Watu wa Mbagala walijua mara moja ni nini, kwa maana yao yalikuwa yamewapata tarehe 29 Aprili 2009, mchana kweupe, watoto wakiwa shuleni. Kila mara watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, na nyumba nyingi zikabaki bila paa au zikageuka kifusi.

Kabla ya saa nne wodi yetu ilikuwa imejaa. Wengi hawakuwa wamepigwa na vyuma. Walikuwa wamekimbia. Wajawazito walikuja peku, uchungu umeanza kabla ya siku zake. Bibi wa watu alikuja presha imepanda hata hawezi kusema. Mama mmoja aliingia na mtoto wake mgongoni, mkononi amemshika mwingine asiyemjua, aliyemwokota barabarani kule Pugu. Tulimuuliza yule mdogo, "Baba yako anaitwa nani?" Akasema, "Baba." "Na mama?" "Mama." "Unakaa wapi?" "Nyumbani." Tulichukua plasta, tukaandika kwa kalamu: mvulana, miaka kama minne, kaptula ya bluu. Tukambandika kifuani. Mamia ya watoto walipoteana na wazazi wao usiku ule, na maelfu ya watu wakajazana Uwanja wa Uhuru. Huyu wetu mama yake alimpata siku ya pili, akiwa amepitia vituo vingapi hata yeye hakumbuki. (Mama msomaji, kama mtoto wako ameanza kusema na hajui jina lako kamili, mfundishe leo wakati unamwogesha.)

Nchi haiwezi kukaa bila jeshi, na jeshi haliwezi kukaa bila silaha. Hilo hatubishani nalo. Lakini jeshi lolote duniani hubaki na vitu kuliko mahitaji yake: mizinga ya aina iliyoachwa, risasi za bunduki ambazo hazitumiki tena, maroketi yaliyonunuliwa kwa vita iliyokwisha. Magari mabovu hupigwa mnada. Buti na mahema huchakaa yenyewe. Mabomu hayachakai kwa namna hiyo. Ndani ya baruti huwekwa dawa ya kuituliza, isioze na kutoa joto. Dawa hiyo hupungua mwaka hadi mwaka, na joto la ghala huiharakisha. Ikiisha kabisa, baruti inaweza kuwaka yenyewe bila mkono wa mtu, na ikiwaka moja katika ghala lililojaa, jirani zake huitikia.

Ndiyo maana wataalamu husisitiza mambo ambayo ukiyasikia utadhani ni ya stoo ya dawa: kila sanduku liandikwe namba yake na mwaka wake, lililotangulia litoke kwanza, sampuli zipimwe, lililopitwa na wakati litengwe, na maghala yawe mbali na nyumba za watu. Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo wa kiufundi wa kazi hiyo mwaka uleule wa 2011. Mabomu mabovu hupelekwa mbali, yakalipuliwa shimoni kidogo kidogo, au hufunguliwa kiwandani, baruti ikatolewa na shaba ya maganda ikayeyushwa. Ni kazi ya taratibu na ina gharama kubwa. Na nyumba nazo hazisubiri. Kambi hujengwa porini, baada ya miaka 30 pori limekuwa mtaa wenye shule, soko na kanisa.

Milipuko ya namna hii imehesabiwa zaidi ya 500 duniani tangu mwaka 1979, na Afrika imeionja vibaya. Lagos, Nigeria, tarehe 27 Januari 2002, watu zaidi ya 1,000 walikufa, na wengi wao hawakuuawa na mabomu. Walikimbia gizani wakatumbukia katika mfereji wa Oke-Afa, akina mama na watoto wao. Maputo, Msumbiji, tarehe 22 Machi 2007, zaidi ya 100. Brazzaville, tarehe 4 Machi 2012, zaidi ya 200. Ilikuwa Jumapili asubuhi, na miongoni mwa majengo yaliyoporomoka lilikuwamo kanisa lenye waumini ndani. Bata, Guinea ya Ikweta, tarehe 7 Machi 2021, zaidi ya 100 tena.

Mtu ataona ajabu: kama hatari inajulikana hivyo, kwa nini vitu hivyo hukaa? Sisi tuliacha kuona ajabu siku tulipokumbuka kituo tulichowahi kufanyia kazi, ambacho hatutakitaja. Katika stoo ya kituo kile yalikuwapo maboksi 11 ya dawa zilizopitwa na muda. Tuliyakuta tulipohamia. Tukiyahamisha kupisha chanjo, tunayarudisha. Kuteketeza dawa si kuchimba shimo nyuma ya choo na kumwaga. Lazima iandikwe orodha, ithibitishwe thamani yake, mfamasia wa wilaya aje, kibali kipatikane, zipelekwe kwenye tanuru linalofaa. Na juu ya karatasi ile ya kwanza lazima mtu aweke sahihi yake kukiri kwamba mali hii ilinunuliwa, haikutumika, imeharibika. Hapo ndipo kila mtu kalamu yake iliishiwa wino. Mganga aliyekuwapo alisema zilimtangulia yeye. Aliyemfuata akasema vivyo hivyo. Sisi nasi tulisema si kazi ya muuguzi. Maboksi yale yalikaa miaka mitatu tukiyaona, mpaka siku mhudumu mmoja alipochota humo vidonge vya kumpa mtoto wake mwenye homa. Mtoto hakufa, Mungu ni mwema, lakini homa yake ilikuwa malaria na vidonge vile havikuwa na nguvu tena. Alifikishwa hospitali akiwa amelegea, amepoteza fahamu.

Wiki ile orodha iliandikwa. Ilichukua saa mbili.

Kwa hiyo tukisoma habari za maghala ya silaha za ziada, hapa au ng'ambo, hatuwaoni watu wakatili. Tunawaona watu kama sisi, kila mmoja ameyakuta maboksi, kila mmoja anasubiri wa baada yake. Kununua kuna sherehe na picha. Kuharibu hakuna wa kukupongeza, na pengine utaulizwa kwa nini umepoteza fedha za umma.

Turudi kwa mjane wetu.

Jumamosi iliyofuata, mtoto wa mmoja wetu, kijana wa darasa la saba, alimwomba mama yake msumeno wa kukatia chuma wa marehemu babu yake. "Wa nini?" Akajibu bila wasiwasi kwamba kuna rafiki yake anauhitaji. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekataa kulinunua "lile dude" likiwa zima. Alimwambia yule rafiki alikate kwanza, atoe cha ndani, ndipo alipime kwenye mizani.

Mwenzetu hakuvaa hata viatu vyake. Alitoka na ndala za bafuni. Alitupitia njiani tukawa wanne. Tulimkuta kijana uani, kitu kile kimelazwa juu ya matofali mawili, wadogo zake wamechuchumaa kumzunguka. Alikuwa amekwisha kukikwangua kwa tupa sehemu moja, pale chuma kilipong'aa. Hatukupiga kelele. Mtu hapigi kelele mbele ya kitu kama kile. Mmoja wetu alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayewaita chakulani, "Wanangu, acheni hivyo hivyo, msikiguse, njooni huku." Wakaja. Miguu ndiyo ilitutetemeka baadaye.

Mama mwenye nyumba alikuwa sokoni. Aliporudi alianza kwa kulia, kisha akakasirika, na kukasirika kwake tulikuwa tumekustahili. "Dada zangu," alisema, "mlikuja hapa Alhamisi. Mlikiona. Mbona hamkuniambia?" Yeye alidhani ni kipande cha mashine. Mwanawe alikiokota bondeni siku watu waliporudi makwao, akamwambia ni chuma cha reli. Baadaye jirani alimnong'oneza kwamba huenda ni bomu, naye akaogopa kutoa taarifa. Polisi wangeuliza limefikaje ndani. Wangemchukua kijana. Na akiwa mjane, nani angemfuata kituoni? Heri kulificha mlangoni, mahali ambapo kila mtu angelizoea.

Tulimjibu ukweli. Mmoja wetu alisema alidhani limekwisha kulipuka, ni ganda tu. Mwingine aliona aibu kumkosoa mwenye nyumba aliyetupikia. Wa tatu alidhani kwamba kwa kuwa wauguzi wamekaa kimya, basi hakuna hatari. Nasi wauguzi tulikaa kimya kwa kuwa mzee wa kanisa alikuwapo, tukaona ni neno lake.

Mzee wa kanisa ndiye aliyetusindikiza kwa mjumbe wa nyumba kumi, na mjumbe akaenda nasi serikali ya mtaa. Tulimwomba jambo moja: kijana asichukuliwe kama mhalifu. Akakubali kuja yeye mwenyewe. Nyumba tano za karibu zilihamishwa, watu wakakaa chini ya mwembe wa shule na sufuria zao za ubwabwa ambao haujaiva. Wanajeshi walifika alasiri. Mmoja aliingia peke yake, akakaa ndani muda ambao sisi tuliona kama ibada nzima, kisha akatoka akatwambia ni zima. Halijalipuka. Kijana angefika kwenye kiwasho kwa kukata kidogo tu.

Walikichukua kwenye sanduku la mchanga. Hawakumkamata mtu. Yule aliyeingia ndani, kijana tu, labda mwenye umri wa mdogo wetu wa mwisho, alituuliza akina mama tuliokuwa chini ya mwembe: "Nani mwingine alikuwa amekiona?"

Kwanza kimya. Kisha mkono mmoja ukainuka, na wa pili, na wa mzee wa kanisa, mpaka ikawa kama tunapiga kura kwenye mkutano wa usharika. Askari hakutukaripia. Alitazama tu, akaandika idadi kwenye daftari lake, akauliza tena, taratibu, kama kuna mwenye kingine nyumbani.

Hakuna aliyejibu hapo hapo. Lakini usiku ule mjumbe aligongewa mlango mara tatu. Viwili vilikuwa maganda matupu. Kimoja kilikuwa uvunguni mwa kitanda, kimefungwa kwenye kipande cha khanga, nyumbani kwa mama aliyetuongoza katika maombi Alhamisi ile.