Vesti ya Mzungu Mwenye Kufikiri

Likasi, Jumamosi 7 Septemba 2024

Mpwa wangu anaoa wiki ijayo, na mama watoto ameshatoa hukumu: ile vesti yangu, lile koti la kahawia, haikanyagi tena kanisani. Basi leo nimeshuka Kamatanda kutafuta nguo za baloti, yaani mitumba. Vumbi la Septemba halina adabu. Unatoka nyumbani na viatu vyeusi, unafika na vyekundu.

Duka ni chumba kimoja, makoti yamening'inia hadi darini. Mwenye duka yuko Kasumbalesa anasubiri mzigo uvuke mpaka, amemwachia kijana mmoja, mwembamba, mwenye kikokotoo na sura ya hakimu. Nikaiona vesti moja ya buluu iliyokoza. Mabega yamekaa sawasawa. Bei dola 10. Lakini kiwiko cha kushoto kimelika, vidole viwili vinapita.

"Tazama hapa, kijana. Hii imekwisha."

"Haiyaisha, papa mwalimu. Ule muzungu alikuwa mutu ya kufikiri." Akaegemeza kiwiko mezani, shavu kiganjani, akafumba macho. "Alikuwa anaikala hivi siku muzima. Hii ni vesti ya akili."

"Na kifungo cha kati kiko wapi?"

"Unauza mabega, papa. Kifungo ni mambo ya fundi."

Huku kwetu "kuuza" ni kununua, kwa hiyo sikuwa na pa kumshika. Nikatoa noti yangu ya dola 10, na hapo mtu mwingine kabisa akatokea nyuma ya ile meza. Akaipeleka kwenye mwanga wa mlango, akapitisha ukucha pembezoni polepole, akasimama mahali. Mpasuko. Punje ya mchele ni kubwa zaidi.

"Hii haitembee, papa."

Nikaingiza vidole vyangu viwili kwenye kiwiko cha vesti, nikavichezesha mbele ya macho yake. Hakucheka.

"Tundu ya vesti, fundi wake iko hapa Kamatanda. Tundu ya dola, fundi wake iko Amerika."

Nimerudi nyumbani mikono mitupu, na jibu sijalipata mpaka sasa hivi ninapoandika.

Jumatatu 9 Septemba

Baada ya masomo nimerudi na franka 28,000. Noti zenyewe aibu tupu: laini kama kitambaa cha jikoni, moja imeungwa kwa selotepu, nyingine inanuka samaki. Kijana akazihesabu bila kuzitazama, akazitia kwenye droo. Noti ya Kongo inaruhusiwa kuzeeka; ya Marekani lazima ife kijana.

Kabla ya kunikabidhi vesti akaipekua mifuko yote. Kilichomo kabla ya malipo ni cha duka, akasema, baada ya malipo ni cha mteja, na yeye alikuwa bado hajasema "aksanti". Ndani, chini ya bitana, vidole vyake vikakuta kile kifungo cha akiba ambacho viwanda hukishonea huko.

"Franka 500," akasema.

"Si ulisema nanunua mabega?"

"Njo vile. Kifungo haikukuwa mu bei."

Nimelipa. Ningefanya nini?

Njiani nimemkumbuka baba. Alifanya kazi kiwandani Shituru, enzi za Zaire, Mobutu alipokataza suti na tai na wanaume wakavalishwa abakosti, koti la kuvaliwa bila tai. Ruhusa iliporudi Aprili 1990, baba aliazima tai ya jirani akaenda kupiga picha. Suti hakuwa nayo; picha inaishia kifuani.

Ijumaa 13 Septemba

Fundi ameshona kifungo. Kiwiko, anasema, kesho. Kesho ndiyo ndoa yenyewe.

Jumapili 15 Septemba

Jana ukumbini nilikaa nimeegemeza kiwiko cha kushoto mezani, shavu kiganjani, tundu limefichwa kwenye kitambaa cha meza. Bia ikapita, kuku akapita, mimi sikusogea. Shemeji yangu mkubwa akanitazama kwa muda, akachukua kipaza sauti, akatangaza kwamba mwalimu anaonekana ana neno zito la kuwaambia maharusi.

Nimehutubia juu ya uvumilivu, mkono wa kushoto umefungwa nyuma ya mgongo. Wamepiga makofi sana. Baba wa bibi harusi ameniuliza vesti nimeitoa wapi.