Daktari Aliyeuliza Watoto Wanaishi Wapi



Safari hii tulipeleka madera na mitandio Manyara, kwenye minada ya Mbulu na Hanang. Huko ni baridi jamani! Katesh iko chini ya Mlima Hanang, mlima wa zaidi ya mita 3,400, na sisi watu wa pwani tulivaa sweta juu ya dera. Usiku, nyumba ya wageni, tukaomba chandarua. Mwenye nyumba akacheka: "Mama zangu, kwa baridi hii mbu wa nini?"

Mgeni mwenzetu pale, muuguzi mstaafu, hakucheka. Alisema kuna daktari aliyegundua jambo kubwa kwa kuangalia nani anaishi juu na nani anaishi chini. Akatusimulia habari za Denis Burkitt.

Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliyepoteza jicho moja akiwa na miaka 11. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya zote, kulia na kushoto. Haukupita muda, Jinja, akamwona mwingine vilevile. Kisu hakikufaa kitu. Uvimbe ule ni katika saratani zinazokua haraka kuliko zote, unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Basi akauliza swali lisilo la chumba cha upasuaji: watoto hawa wanaishi wapi?

Mwaka 1961, yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson wakapanda gari kuukuu la Ford, wakaenda hadi Afrika Kusini, wiki kumi, maili 10,000 hivi, hospitali hadi hospitali, wakionyesha picha. Majibu yakachora ramani: nchi za joto na mvua, ndiko ugonjwa uliko. Huku kwetu Afrika Mashariki, ukipanda juu ya mita 1,500 hivi, karibu haupo. Mbulu mjini na Katesh ziko juu ya kimo hicho. Ukishuka bonde la Yaeda, habari ya mbu ni nyingine.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani yake. Kirusi hicho karibu sote tunacho, na kinga ya mwili hukituliza. Lakini mtoto anayeugua malaria tena na tena, kinga yake huchoka, na chembe za damu zilizobeba kirusi huzidi kuzaana mpaka nyingine zinaharibika. Burkitt alianza kuwapa wagonjwa dawa badala ya kuwakata. Wengine walipona kwa dozi chache tu, akaamini kuwa miili yao wenyewe ilisaidia kupigana. Subhanallah.

Tulinyamaza, maana tulimkumbuka mtoto wa wifi yetu, Ifakara. Alikuwa na miaka mitano. Shavu lilivimba, meno matatu yakalegea kwa pamoja. Nyumbani wakapaka mafuta ya karafuu, kisha zahanati moja ikang'oa jino na kumrudisha. Wiki ya pili jicho likaanza kutoka nje. Wifi hakungoja tena kuambiwa, alimbeba mgongoni akapanda basi la Dar es Salaam. Huko wakakata kipande, wakapima, wakamtundikia dawa miezi kadhaa. Nywele zilinyonyoka zote. Leo yuko darasa la tatu, alhamdulillah, na anatusumbua tumshonee kanzu ya Idi.

Kwa hiyo, mama mtarajiwa, mtoto wako akivimba taya na meno yakilegea, usikubali kuambiwa ni jino tu bila kipimo.

Na kwa wanaotuulizia vyandarua vya kitanda cha bibi harusi: lesi ina matundu ambayo mbu anapita na ndugu zake. Siku hizi tunaishona kama pazia la nje, na ndani tunaacha vitanzi vya kutundikia chandarua chenye dawa, kile unachopewa kliniki ukibeba mimba. Bei haijabadilika.